Maharamia wa Ibadan, Shoka la Ife

Msomaji wa Kiswahili aliyepitia Masaibu ya Ndugu Jero anamjua Wole Soyinka kama mcheshi mwenye ulimi mkali. Wengine wanamjua kwa tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1986, au kwa ule msimamo wake wa miaka ya 1970 kwamba Kiswahili kifanywe lugha ya Waafrika wote, msimamo ambao sisi wenye lugha hatuchoki kuurudia. Wachache huku kwetu wanajua kwamba kabla hajatimiza miaka 20 Soyinka alikuwa haramia, na kwamba uharamia ule wa ujanani umemfuata hadi uzeeni kama deni la mtu mwingine.

Mambo yalianza Ibadan mwaka 1952. Chuo kilikuwa na umri wa miaka minne tu. Kilifunguliwa mwaka 1948 chini ya Chuo Kikuu cha London, na shahada zake zilitoka London. Wanafunzi walikuwa wachache, wamechujwa kutoka kila pembe ya Nigeria, na kila mmoja alijua kwamba siku Mwingereza akifunga mizigo, viti vyake vitakaliwa na wao. Baadhi yao hawakuwa na subira. Walianza kujifanya Waingereza kabla Waingereza hawajaondoka: majoho wakati wa chakula, Kiingereza cha puani, dharau kwa mpishi na mfagiaji. Juu ya hayo wakajitenga kwa makabila, Myoruba na wake, Muigbo na wake.

Vijana saba wakaona kwamba dawa ya majivuno ni kuyacheka. Walikuwa Soyinka, Ralph Opara, Olumuyiwa Awe, Pius Oleghe, Ikpehare Aig-Imoukhuede, Nathaniel Oyelola na Sylvanus Egbuche. Hawakuwa wa kabila moja, na hilo lilikuwa la makusudi. Walijiita Pyrates, maharamia, wakachukua fuvu la kichwa na mifupa miwili kuwa nembo yao, wakavaa kama majambazi wa baharini wa vitabuni, wakapeana majina ya kiharamia. Soyinka akawa Cap'n Blood. Wakikutana walisema wanatweka tanga, ingawa Ibadan iko bara na bahari ya karibu iko Lagos. Mtu wa Lamu au Kilwa angewacheka mabaharia wa namna hiyo, na nadhani wao wenyewe wangefurahi kuchekwa, maana kucheka ndiko kulikuwa kazi yao. Walipinga ukabila, walipinga kasumba ya kikoloni, walipinga desturi zilizofuatwa kwa sababu tu zimekutwa.

Kulikuwa na madhara gani hapo? Kwa kutazama matendo yao, hakuna. Hawakumpiga mtu panga, hawakumtisha mhadhiri, na chuo kizima kiliwajua kwa sura. Waliotaka kujiunga walikuwa wengi na waliokubaliwa walikuwa wachache, jambo ambalo liliwaongezea sifa. Lakini ukiangalia vifaa walivyoviunda, utaona kila kitu ambacho wengine wangekuja kukihitaji baadaye: jina la siri, mkutano wa usiku, cheo ndani ya kundi kisichojulikana nje, kiapo, na mlango mwembamba ambao mtu hupita kwa idhini ya waliomtangulia. Saba wale walivitumia kwa mzaha. Vifaa vyenyewe havikuwa na mzaha wala uzito, vilisubiri mkono.

Kwa karibu miaka 20 Pyrates walikuwa ndio kundi kubwa lenye jina. Soyinka aliondoka akaenda kusoma Leeds, akarudi, akaandika, akafungwa gerezani wakati wa vita vya Biafra. Wenzake wakawa watangazaji, washairi na maprofesa. Vyuo navyo vikaongezeka. Baada ya Ibadan vilikuja Nsukka, Zaria, Lagos na Ife, kisha Benin mwaka 1970. Vita vilipokwisha na fedha za mafuta kuanza kumiminika, serikali iliongeza vyuo saba kwa mkupuo mwaka 1975, vikafika 13. Kila kimoja kilijaa vijana waliotoka mbali na nyumbani, na kila kimoja kilitaka kuwa na maharamia wake.

Mwaka 1972 ukatokea mgawanyiko wa kwanza mkubwa. Bolaji Carew na wenzake walifukuzwa Pyrates kwa madai kwamba hawakufikia kiwango kilichotakiwa. Hawakwenda kulia. Walianzisha udugu wao, Buccaneers, nao pia wa baharini, nao pia wenye vyeo na nembo. Mpaka leo hili linanishangaza kidogo: mtu anatolewa kwenye kundi lililodai kupinga desturi, na jambo la kwanza analofanya ni kunakili desturi za kundi hilo moja baada ya nyingine. Tangu hapo mlango ulikuwa wazi. Anayenyimwa kuingia, au anayetolewa, alijua cha kufanya.

Ibadan kulikuwa tayari na Eiye, ndege kwa Kiyoruba. Mwaka 1977, katika Chuo Kikuu cha Benin, ilizaliwa Neo-Black Movement of Africa, vuguvugu lililosema linapigania heshima ya mtu mweusi. Alama yake ilikuwa shoka jeusi likikata minyororo, na watu waliacha jina refu wakashika alama: Black Axe, Shoka Jeusi. Calabar wakaja Klansmen mwaka 1983, ambao waliandika hata neno la udugu kwa herufi ya K ili jina lifanane na la wale wa Marekani waliowanyonga watu weusi mitini. Sijui msomi mweusi anafikiria nini anapojichagulia jina hilo. Labda alitaka tu kutisha, na hakuna jina lililotisha zaidi. Mwaka uliofuata wakaja Vikings wa Port Harcourt. Wanawake nao walikuja kuwa na makundi yao, kama Black Brazier na Daughters of Jezebel.

Makundi kuwa mengi si kosa. Umwagaji damu ulihitaji kitu kingine zaidi, na kitu hicho kilitoka nje ya mabweni.

Turudi nyuma kidogo. Aprili 1978 serikali ya kijeshi ya Olusegun Obasanjo ilipandisha bei ya chakula cha wanafunzi kutoka naira 1.50 hadi naira 2 kwa siku. Wanafunzi wakaingia barabarani, wakimtaka Kanali Ahmadu Ali, aliyesimamia elimu, aondoke. Askari wakapiga risasi, vijana wakafa, na umoja wa kitaifa wa wanafunzi ukapigwa marufuku. Ulizaliwa upya kwa jina jingine mwaka 1980. Mei 1986 polisi waliingia Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria, wakaua tena wanafunzi waliokuwa wakiandamana. Mwaka huohuo Jenerali Ibrahim Babangida alianza mpango wa kurekebisha uchumi kwa masharti ya wakopeshaji. Naira ikaporomoka, vyumba vya wanafunzi wanne vikalaza wanane, maktaba zikaacha kununua vitabu, wahadhiri wakaanza kuhesabu nauli ya kwenda ng'ambo. Aliyebaki kusema kwa sauti alikuwa mwanafunzi aliyejipanga katika umoja wake, na mhadhiri katika chama chake. Chama cha wahadhiri kilipigwa marufuku mwaka 1988. Umoja wa wanafunzi ulikuwa mgumu zaidi kuupiga, kwa sababu kila mwaka ulipata viongozi wapya.

Hapo ndipo vikundi vya siri vilipopata bei. Umoja wa wanafunzi hukutana mchana uwanjani, hupiga kura, na mwekahazina wake hutoa hesabu. Kundi la siri hukutana usiku na halina hesabu ya kutoa kwa mtu. Mkuu wa chuo anayesumbuliwa na maandamano, au afisa wa usalama anayetaka kujua nani ataongoza mgomo wa kesho, anahitaji vijana wenye nguvu, wanaoogopwa, na wanaoweza kukanwa. Wanaharakati wa wakati ule, wahadhiri na watafiti waliofuata wameeleza kwa kirefu jinsi baadhi ya wakuu wa vyuo walivyoyafumbia macho makundi hayo, na wengine kuyapa fedha na ulinzi, ili yavunje nguvu za umoja wa wanafunzi. Kijana wa Black Axe aliyemjeruhi kiongozi wa wanafunzi aliweza kurudi darasani wiki ileile. Kiongozi wa wanafunzi aliyeitisha mgomo alifukuzwa chuo.

Sheria ya wakati huo inaonyesha unafiki huo kwa maandishi. Amri namba 47 ya mwaka 1989, iliyotolewa na serikali ya Babangida, ilitangaza kifungo cha miaka mitano au faini ya naira 50,000 kwa mwanafunzi atakayepatikana katika kikundi cha siri. Ukisoma hapo tu utapiga makofi. Lakini amri hiyohiyo ndiyo iliyofanya uanachama wa umoja wa wanafunzi uwe wa hiari, ikaupunguzia fedha, na kuwapa watawala uwezo wa kuufuta. Vyombo viwili, cha mchana na cha usiku, viliwekwa katika karatasi moja. Wanafunzi waliona upesi ni kipi kati ya hivyo viwili kilichofuatwa kwa bidii.

Soyinka alikuwa ameona mapema upepo unakoelekea. Mwaka 1984 Pyrates walijiondoa katika vyuo vyote na kubaki jumuiya ya watu wazima nje ya vyuo. Tangu wakati huo hachoki kueleza kwamba alichoanzisha yeye na wenzake sita hakina undugu na majambazi wa leo. Namwamini. Hata hivyo hatua ya 1984 ilichelewa kwa miaka 12, kwa sababu nakala za kazi yao zilishaanza kutembea tangu 1972, na nakala haimsikilizi aliyeandika asili.

Sasa tuseme juu ya kuingizwa, maana bila hilo mtu hataelewa kwa nini mwana wa mwalimu au wa mchungaji anageuka kuwa mwuaji katika muhula mmoja.

Mwanafunzi mpya anafika. Hana chumba, hana ndugu mjini, na wiki ya kwanza ameona mtu akipigwa makofi mbele ya watu bila yeyote kuingilia. Anafuatwa na kijana aliyevaa vizuri, mwenye fedha, anayeongea kwa upole. Anaalikwa kwenye sherehe. Mara nyingine haambiwi anakwenda wapi, na akishafika huko hawezi tena kusema hapana, kwa sababu ameziona nyuso. Usiku, porini au makaburini, wanafungwa vitambaa machoni. Wananyweshwa pombe kali iliyochanganywa na vitu wasivyovijua. Wanapigwa kwa ngumi, mateke, fimbo na mikanda, kwa saa kadhaa, na anayelia anaongezewa. Kisha kiapo, mara nyingi kwa damu: ukitoa siri, utakufa. Baadhi ya makundi humtaka mwanachama mpya athibitishe ujasiri kwa kwenda kumdhuru mtu aliyetajwa, na katika ushuhuda wa wengi waliojitoa, mtu huyo mara nyingi alikuwa mwanafunzi wa kike, na kudhuriwa kwenyewe kulikuwa kubakwa. Wapo waliokufa usiku uleule wa kwanza. Wazazi wao waliletewa maelezo ya ajali.

Sisi tuliolelewa katika nchi za jando tunaweza kudhani tunaijua namna hii. Jando nalo lina maumivu, lina siri, lina nyimbo za usiku. Ila jandoni kuna mzee anayejibu kwa mama wa mtoto. Maumivu yana kipimo, yana siku ya kuanza na siku ya kwisha, na anayeyatoa ni ngariba anayejulikana kijiji kizima. Katika udugu wa chuo, mwenye fimbo ana miaka 21, amelewa, na mwaka jana alipigwa yeye. Hana wa kumjibu. Anachojua ni kwamba aliyavumilia, na kama mapigo yale hayakuwa na maana, basi yeye alikuwa mjinga. Kwa hiyo lazima yawe na maana, na namna ya kuyapa maana ni kumpiga anayefuata, kwa nguvu zaidi kidogo.

Mantiki hiyo haina rangi wala nchi. Februari 2017, katika chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Marekani, kijana wa miaka 19 alinyweshwa pombe nyingi usiku wa kupokelewa katika udugu, akaanguka ngazi, na wenzake wakangoja karibu saa 12 kabla ya kuita msaada. Alikufa. Jimbo likatunga sheria kali zaidi mwaka uliofuata. Tofauti ya Nigeria ni kwamba pale udugu ulikutana na dola iliyohitaji wapigaji, na baadaye bunduki zikawa rahisi kupatikana. Kundi ambalo Marekani lingeishia kwenye pombe na aibu, Nigeria lilipewa kazi.

Miaka ya 1990, chini ya Babangida na kisha Jenerali Sani Abacha, makundi yalipigana yenyewe kwa yenyewe kwa sababu ambazo mtu wa nje angeziona ndogo: msichana, maneno ya dharau, uchaguzi wa bweni. Wahadhiri walitishwa wakitoa alama za kufeli. Rangi zilitenga watu, nyeusi ya Axe, bluu ya Eiye, njano ya Buccaneers, na mwanafunzi asiye na kundi alijifunza kuchagua shati kwa uangalifu. Mauaji ya kulipiza yalikuwa na hesabu yake. Mmoja wa kwetu, wawili wa kwenu.

Chuo kimoja kilikataa. Ife, kilichobadilishwa jina mwaka 1987 kuwa Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo, kilikuwa na umoja wa wanafunzi wenye kiburi kikubwa, na kiburi hicho kiliwasaidia. Viongozi wake waliona kwamba polisi hawatakuja na wakuu wa chuo hawatasema, wakaamua kazi hiyo ni yao. Machi 1999 walipata habari kwamba watu wa Black Axe wanakutana katika nyumba ndogo ya uani, kwenye eneo la nyumba za wafanyakazi wakuu wa chuo. Wanafunzi wakaenda. Waliwakamata vijana wanane, na pamoja nao wakapata bunduki, mashoka na mavazi ya kundi. Wakawakabidhi kwa polisi, silaha na watu, wakarudi mabwenini wakiamini sheria imepata kazi rahisi kuliko zote.

Wanane wale hawakukaa sana. Kesi ilififia, wakaachiwa. Tarehe 29 Mei Nigeria ilirudi kwenye utawala wa kiraia, na Obasanjo, safari hii akiwa rais aliyechaguliwa, aliapishwa Abuja. Nchi ilikuwa kwenye furaha. Wiki sita zikapita.

Jumamosi tarehe 10 Julai 1999, alfajiri, kabla ya adhana na kabla ya kengele, magari yaliingia chuoni Ife. Walishuka watu wapatao 40 waliovaa nyeusi, wenye bunduki na mashoka. Hawakupotea njia. Walikwenda moja kwa moja kwenye bweni la Awolowo, wakawa wanagonga na kuvunja milango huku wakiita jina. Jina waliloliita lilikuwa Legacy, lakabu ya Lanre Adeleke, rais wa umoja wa wanafunzi. Adeleke alisikia milio ya risasi, akaruka nje na kupotea gizani. Walipomkosa walikwenda kwa katibu mkuu wake, George Iwilade, mwanafunzi wa sheria ambaye chuo kizima kilimwita Afrika. Walimkuta chumbani. Walimwua kwa shoka na risasi. Kabla hawajaondoka wanafunzi watano walikuwa wamekufa, na wengine wamejeruhiwa.

Watu 40 hawakusanyiki kwa bahati. Mtu alitoa magari, mtu alijua namba za vyumba, mtu alijua kwamba geti halitakuwa na kizuizi. Wanafunzi wa Ife walilisema hilo tangu asubuhi ileile, na walielekeza kidole kwenye jengo la utawala. Walifanya pia msako wao wenyewe, wakakamata watuhumiwa kadhaa na kuwapeleka polisi kwa mara ya pili mwaka huo. Serikali ilimsimamisha kazi makamu mkuu wa chuo, ambaye wanafunzi walimtuhumu kuyalea makundi hayo, ikaunda tume ya uchunguzi. Obasanjo aliwapa wakuu wa vyuo vyote vya nchi miezi mitatu wavimalize vikundi vya siri.

Miezi mitatu! Mtu anaweza kuagiza uchafu uzolewe kwa miezi mitatu. Yaliyofuata yalikuwa maonyesho: katika vyuo mbalimbali vijana walisimamishwa mbele ya wenzao, viongozi wa dini wakiwa wamealikwa, wakatangaza kwamba wameacha. Wengine waliacha kweli, na wakalipa kwa maisha yao kuvunja kiapo. Wengine walitangaza mchana na kukutana usiku. Walioyatumia makundi hayo kwa miaka 15 hawakuitwa kutangaza chochote.

Wala hawakuacha kuyatumia. Demokrasia ilileta uchaguzi, na uchaguzi ulileta haja mpya ya vijana wanaoogopwa. Kuelekea kura ya 2003, katika Jimbo la Rivers na majirani zake kwenye delta ya mto Niger, wanasiasa walimwaga fedha na silaha kwa magenge ambayo mengi yalikuwa na mizizi chuoni. Klansmen walikuwa na tawi la mitaani lililoitwa Deebam. Vikings walikuwa na lao, Deewell. Waliokuwa hawajawahi kukanyaga ukumbi wa mihadhara sasa waliapa viapo vya wanafunzi. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, fedha zilikatika na bunduki zikabaki. Mwaka 2004 mapigano yalitapakaa Port Harcourt na visiwani, na jimbo likapitisha sheria ya kupiga marufuku vikundi vipatavyo 100 kwa majina. Ni orodha ndefu, na katika orodha hiyo hakuna hata jina la mwanasiasa mmoja.

Shoka Jeusi likavuka bahari, hatimaye bahari ya kweli. Wimbi la wahamiaji kutoka Benin kwenda Italia lilikuwa limeshaanza miaka ya 1980, na makundi yalifuata njia hiyo. Palermo, katika soko la Ballarò, waendesha mashtaka wa Italia waliwakuta wanachama wakiendesha ukahaba wa wasichana wa kwao na biashara ya dawa za kulevya, na mahakama za huko zimewashtaki kwa sheria ileile iliyotungwa dhidi ya Mafia. Oktoba 2021 watu wanane walikamatwa Cape Town kwa maombi ya Marekani, wakituhumiwa kuwalaghai watu wapweke mtandaoni kwa mapenzi ya uongo. Mwaka uliofuata polisi wa kimataifa, Interpol, waliendesha operesheni katika nchi 14 na kuwakamata watu 75. Neo-Black Movement yenyewe inasema haina uhusiano wowote na Black Axe, kwamba ni jumuiya iliyosajiliwa na kwamba humfukuza mwanachama yeyote anayepatikana na uhalifu. Wachunguzi wa nchi kadhaa wamesema vingine mahakamani.

Mara kwa mara huko Nigeria mtu husimama na kusema kwamba yote haya ni kosa la Soyinka. Ni hoja rahisi na inawafaa wengi, kwani inalaza lawama kwa mzee mmoja mwenye nywele nyeupe badala ya kuigawa kwa wenye magwanda, wenye ofisi na wenye masanduku ya kura. Vijana saba wa Ibadan walijitengenezea siri ili wawacheke wakubwa. Waliokuja baada yao walikodisha siri hiyo kwa wakubwa. Kati ya hayo mawili kuna uamuzi wa watu wazima, uliofanywa ofisini, mchana, na watu wenye mishahara ya serikali. Na mpaka sasa historia ya vyuo vya Nigeria huandikwa kana kwamba watu hao hawakuwepo.

Kila tarehe 10 Julai wanafunzi wa Ife hukusanyika kuwakumbuka watano wale, na hujivunia kwamba tangu 1999 makundi hayajathubutu kujionyesha wazi chuoni kwao. Shauri la mauaji lilifika mahakamani. Washtakiwa waliachiwa huru. Hakuna mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji ya Afrika Iwilade na wenzake wanne.